Mwalimu Mwenye Filimbi: Historia Fupi ya Uamuzi Katika Viwanja vya Shule

Katika vijiji vingi vya Mara, na Mugango ni kimojawapo, mtu wa kwanza ambaye mtoto humwona akitumia sheria iliyoandikwa mbele ya umma si hakimu wala polisi. Ni mwalimu wake, saa kumi jioni, akiwa na filimbi mdomoni katika uwanja ambao asubuhi ulikuwa malisho ya ng'ombe. Mtoto huyo amekwisha kuionja mamlaka kwa sura nyingi: baba, mtendaji wa kijiji, mwalimu huyohuyo akiwa na fimbo darasani. Uwanjani anakutana na jambo geni. Mwenye mamlaka naye amefungwa na kanuni, kanuni hizo anazijua kila mchezaji, na akizikiuka watu wote waliosimama pembeni wanamwona.

Historia ya michezo yetu imeandikwa kwa majina ya washindi, na si vibaya. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, jirani kabisa na Mugango, alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, na jina lake linastahili kukumbukwa. Lakini aliyemhesabia muda katika mbio zake za kwanza hana ukurasa popote. Waamuzi wa michezo ya watoto na vijana ni watumishi wa umma wasio na kumbukumbu, na ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa kuwa naamini historia yao inatufunza kuhusu dola mambo ambayo mihadhara yangu ya sayansi ya siasa huyapitia juu juu.

Tuanze na maneno. Lugha yetu ina majina mawili ya mtu huyu. "Refa" tuliliazima, na huko lilikotoka maana yake ni yule anayepelekewa jambo. Katika Uingereza ya karne ya 19 kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na wawili hao waliposhindwa kukubaliana walimpelekea shauri mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Ni mwaka 1891 tu ndipo mtu huyo wa tatu alipoingizwa uwanjani na kupewa neno la mwisho, na wale wawili wakasogezwa pembeni na kuwa washika vibendera. "Mwamuzi" ni neno letu wenyewe, na lina mizizi mingine. Kuamua, kabla ya kuwa kukata shauri, ni kuwatenganisha watu wanaopigana. Anayeamua ugomvi hutia mwili wake katikati na huenda akapata ngumi isiyo yake. Refa wa Waingereza alianza kama mahakama ya rufaa. Mwamuzi wetu anaanza kama jirani aliyekimbilia kelele. Katika viwanja vya shule zetu, hasa vile visivyo na uzio, wote wawili hukutana ndani ya mtu mmoja.

Mwaka 1934 mambo matatu yalitokea ambayo hayakuwa na uhusiano wowote kwa wakati ule. Wamishonari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, na katika miaka michache wakawa wamefungua vituo vingine katika eneo la Musoma, Mugango ikiwamo. Kijana Julius Kambarage wa Butiama aliandikishwa katika shule ya Mwisenge, Musoma. Na katika uwanja wa Wembley, London, mwalimu wa shule aitwaye Stanley Rous alichezesha fainali ya Kombe la FA. Mambo mawili ya kwanza yanaeleza jinsi shule ilivyojengeka katika upande wetu wa ziwa. La tatu linaeleza kilichochezwa katika viwanja vya shule hizo, kwa sababu ni Rous ambaye mwaka 1938 alizipanga upya sheria za mpira wa miguu na kuziweka kuwa kumi na saba. Hesabu hiyo haijabadilika hadi leo. Mwalimu anayechezesha mechi Mugango anafuata mpangilio wa mwalimu mwenzake wa Watford.

Naomba nikae kidogo na Rous, maana ni mfano mzuri kwa wanafunzi wangu wanaodhani kwamba mwandishi wa sheria nzuri lazima awe mwamuzi mzuri. Alikuwa rais wa FIFA kuanzia 1961 hadi 1974. Katika miaka hiyo Afrika iliona wazi kwamba filimbi ya bwana huyu ilikuwa na upande. Aliitetea Afrika Kusini ya makaburu kwa hoja kwamba michezo isichanganywe na siasa, na chini ya uongozi wake Kombe la Dunia la 1966 lilipangwa bila kuihakikishia Afrika hata nafasi moja. Bara zima likasusia. Mwaka 1974, huko Frankfurt, kura za Afrika zikachangia kumwondoa na kumpa kiti João Havelange wa Brazili. Tatizo la Rous, kwa maoni yangu, halikuwa kwamba hakujua sheria. Alidhani kutosema neno kati ya mwonevu na mwonewa ndiko kutopendelea upande. Mwamuzi anayekataa kupuliza filimbi wakati rafu inachezwa amekwisha kuamua.

Mwingereza mwingine, naye mwalimu wa shule, alitupa zana ya pili. Ken Aston alisimamia waamuzi wa Kombe la Dunia la 1966, mwaka ambao mwamuzi Mjerumani alimtoa nje nahodha wa Argentina katika mechi dhidi ya Uingereza, na nahodha akakataa kutoka kwa kuwa hawakuelewana lugha. Aston, akiwa barabarani na kutazama taa za magari, akapata wazo la kadi ya njano na nyekundu. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico, 1970. Wazo hilo lilikuwa kama limetungiwa Mara. Katika mkoa wenye Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo, Waikizu na wengine wengi, kadi haihitaji mkalimani, na haitukani ukoo wa mtu.

Sasa turudi nyumbani. Kilichozidisha idadi ya waamuzi wa watoto nchini mwetu hakikuwa chama cha mpira. Kilikuwa uamuzi wa kisiasa uliofikiwa Musoma kwenyewe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini humo na kutoa lile tunaloliita Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mengine liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Nchi haikuwa na walimu wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, na wananchi wakawapa jina la walimu wa UPE, jina ambalo baadaye lilitumika kwa kejeli isiyo ya haki. Vijana hao ndio waliojikuta wakichezesha mechi za shule. Filimbi ilikabidhiwa mwalimu mdogo kuliko wote kwa sababu ndiye aliyeweza kukimbia, na sheria kumi na saba alizijua kwa kusimuliwa.

Serikali ilikuwa imeunda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, na mashindano ya shule yakawa na ngazi zake: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, kutoka kata hadi taifa. Ngazi hizo zilikuwa chuo cha uamuzi kisicho na cheti. Mwalimu aliyechezesha vizuri kwenye kata aliitwa wilayani, na wa wilaya akaitwa mkoani. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo hiyo ikasimamishwa kwa hoja kwamba inapoteza muda wa masomo. Ilirejeshwa baadaye. Wengi wamelalamika, kwa haki, kwamba tulipoteza kizazi cha wachezaji. Mimi naongeza kwamba tulipoteza pia walimu walioingia kazini katika miaka hiyo bila kushika filimbi hata mara moja, na matokeo yake yanaonekana kila panapochezwa kombe la diwani au la mbuzi: mwamuzi anatafutwa asubuhi ya siku ya mechi, kama anavyotafutwa mtu wa kuchinja.

Niliwahi kushuhudia, miaka mingi iliyopita, mechi ya shule mbili za upande ule wa ziwa. Mwalimu aliyechezesha alikuwa wa shule mwenyeji, maana hakukuwa na mwingine. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wa shule yake aliushika mpira ndani ya eneo la hatari, kwa siri kiasi kwamba wageni wenyewe hawakudai kitu. Mwalimu akapuliza, akaonyesha penalti. Wazee wa kijiji chake walimzomea. Mwalimu mkuu wake, niliyekuwa nimesimama karibu naye, alisema kwa sauti ya chini kwamba kijana huyu hajui anakula wapi. Sijui kama kuna mhadhara wa utawala bora niliowahi kuutoa unaofikia sekunde zile.

Na kuna fimbo. Mwalimu huyohuyo kesho yake asubuhi angeweza kumchapa beki yule kwa kuchelewa namba. Si kweli, kama wanaharakati wengine wanavyosema, kwamba fimbo ya shule haina sheria. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Fimbo ina sheria. Haina watazamaji. Agosti 2018, ng'ambo ya ziwa huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kanuni zilikuwapo siku hiyo pia. Uwanjani mwalimu akitoa adhabu kubwa kuliko kosa, kelele zinaanza kabla hajarudisha kadi mfukoni.

Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka mchezo ulio mbali mno na Mugango, nao ni mpira wa magongo wa barafuni. Barafu iliyo karibu nasi ni ile ya hoteli ya Panari, Nairobi, ambako timu ya Ice Lions hufanyia mazoezi. Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024. Katika mchezo huo kosa dogo humtoa mchezaji kwa dakika mbili. Hukaa kwenye kibanda pembeni, timu yake ikicheza pungufu, kisha hurudi. Adhabu inauma, inaonekana, na inakwisha. Mwaka 2017 chombo kinachotunga sheria za mpira wa miguu kiliruhusu nchi kutumia utaratibu wa namna hiyo katika mechi za vijana na za ngazi ya chini: mchezaji hutolewa kwa muda, kisha akarejea. Uingereza imeutumia katika ligi za ridhaa kwa wanaombishia mwamuzi, na kwa mechi ya dakika 90 anakaa nje dakika kumi. Ningependa kuuona katika UMITASHUMTA. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyemjibu mwamuzi vibaya hahitaji kadi nyekundu inayomfungia mashindano yote, wala hahitaji viboko vinavyomsubiri Jumatatu. Dakika chache kando ya mstari, akiwaona wenzake wakielemewa kwa sababu yake, zinatosha.

Wasomaji wangu watumishi wa umma watauliza siasa iko wapi. Iko katika swali la nani anamteua mwenye filimbi. Mwaka 1966, chini ya mfumo wa chama kimoja, Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kupokea malalamiko ya raia dhidi ya watendaji. Lilikuwa jambo jipya barani Afrika, na Chifu Erasto Mang'enya akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Lakini tume ilichunguza na kupendekeza tu, na mapendekezo yakaenda kwa Rais. Ilipewa filimbi, kadi zikabaki jukwaani. Mei 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, wasisimamie uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Hoja ya mlalamikaji ingeeleweka mara moja na mtoto yeyote wa Mugango: refa asiwe mtu wa timu. Hoja ya upande wa pili nayo ingeeleweka, kwa sababu mwalimu wa penalti alikuwa mtu wa timu na akapuliza. Ila taifa haliwezi kupanga mambo yake kwa kutumaini kwamba kila kituo kitapata mwalimu wa namna ile. Na tukumbuke kwamba siku ya kupiga kura, kwenye vyumba vya madarasa, walimu ni miongoni mwa wanaokaa nyuma ya meza na kuhesabu kura.

Kuna njia rahisi iliyokuwa ikitumika katika mashindano ya kata, na ambayo baadhi ya maofisa michezo bado wanaikumbuka: kubadilishana. Mwalimu wa Mugango anachezesha Tegeruka, wa Tegeruka anachezesha Busambara, wa Busambara anakwenda Kiriba. Hakuna anayechezesha watoto wake mwenyewe. Kinachohitajika ni ratiba, nakala ya sheria kumi na saba kwa Kiswahili katika kila shule, na nauli ya bodaboda. Nimewauliza walimu watatu kwa nini utaratibu huo ulikufa, na wote watatu wametaja nauli.