Soko wa Kabambare na Kong wa kwenye kioo

Agosti 1870, nyasi za Kabambare, huko Maniema mashariki mwa Kongo, ziliwaka moto kama ziwakavyo kila kiangazi. Moto uliwatoa soko wanne mafichoni, wakakimbilia uwandani, na wawindaji wakawaua kwa mikuki. David Livingstone, mmishonari na msafiri kutoka Scotland, alikuwa hapo, katika kijiji alichokiandika kwa jina la Bambarre. Vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza na hakuweza kwenda popote, hivyo alipata muda mrefu wa kusikiliza. Aliyoyaona na aliyosimuliwa na wenyeji juu ya soko aliyatia katika daftari lake.

Aliambiwa kwamba soko hukaa kwa makundi madogo, kila dume na jike lake, na anayemwingilia mwenzake hupigwa ngumi na kundi zima. Hali nyama. Hukusanyika wakapiga miti yenye uwazi kama ngoma, kisha wakapaza sauti msitu mzima ukasikia. Na mara nyingine humnyakua mtoto wa watu, akapanda naye mtini, akamtazama kama kiumbe anayefurahishwa na alichokishika. Kumpata mtoto ni kuweka mkungu wa ndizi chini. Soko hushuka, na akiuinua mkungu humwachia mtoto.

Yeyote aliyewahi kushika pedi ya mchezo wa video anaijua picha hiyo: sokwe mkubwa, mtu mikononi mwake, mbio za kupanda juu, na ndizi. Ni Donkey Kong, aliyezaliwa Japani mwaka 1981 na kurudi tena na tena, hata akawa mmoja wa wapiganaji wa kudumu katika Super Smash Bros., mchezo unaowakutanisha ulingoni wahusika wa michezo mbalimbali. Watu wa nchi ya Lusangi, Kasongo na Kabambare wana haki ya kuisikia historia yake, kwa sababu mnyama wa namna hiyo walimfahamu zamani, na walimwelewa vizuri kuliko waliomfanya maarufu.

Jina lenye mtu ndani yake

Livingstone aliwaza kwamba soko ni gorila. Watumishi wake wawili, Chuma na Susi, walifika Uingereza mwaka 1874 baada ya kifo chake. Walipoonyeshwa gorila aliyekaushwa katika jumba la makumbusho la London, walisema kwamba huyo siye soko. Walikuwa sahihi. Wataalamu waliokuja baadaye wengi wamekubali kwamba soko wa Maniema ni yule tunayemwita sokwe mtu, na ambaye Kiswahili cha Kongo humwita sokomutu.

Tulitazame jina hilo. Livingstone aliandika kwamba wenyeji walimwona soko kuwa mtu wa aina yake, asiye na uovu ndani yake. Kumbe lugha ilikuwa imekwisha kutoa hukumu hiyo: ilichukua jina la mnyama, ikalishonea neno mtu. Waliomwita hivyo walikuwa wakimwinda na kumla, wala hawakumsifu kwa kutomjua. Pamoja na hayo walikiri kwamba anayewatazama kutoka juu ya mti anawatazama kama wao wanavyomtazama.

Njia ya kufika Japani

Dunia ya mbali ilipokea habari nyingine. Mwaka 1861 Paul Du Chaillu alichapisha kitabu cha safari zake huko Gabon, na gorila aliyesimuliwa humo ni jitu la kutisha, linalojipiga kifua na kunguruma kabla ya kuua. Mvulana mmoja Mmarekani, Merian C. Cooper, alipewa kitabu hicho utotoni. Alipokuwa mtu mzima akatengeneza filamu ya King Kong, iliyotoka mwaka 1933: jitu lenye manyoya linamchukua mwanamke na kupanda naye juu ya jengo refu la New York, hadi ndege za vita zinapolipiga risasi likaanguka.

Miaka 48 baadaye, kampuni ya Nintendo ilikuwa na shida. Tawi lake la Marekani lilikuwa limebaki na mashine zipatazo 2,000 za mchezo ulioitwa Radar Scope, ambazo hazikupata mnunuzi. Kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, alipewa kazi ya kubuni mchezo mpya utakaoingia katika mashine zile zile, chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi. Kwanza walitaka kutumia katuni za baharia Popeye, wakakosa ruhusa. Basi baharia akageuka seremala, mpenzi wake akawa msichana wa kuokolewa, na adui wake, jitu gomvi, akawa sokwe mwenye kurusha mapipa. Punda, yaani donkey kwa Kiingereza, hubeba maana ya ukaidi, na Kong ilikuwa imekwisha kuwa jina la sokwe yeyote mkubwa. Hivyo ndivyo jina Donkey Kong lilivyopatikana. Yule seremala baadaye akaitwa Mario.

Mwaka 1982 studio ya Universal iliishtaki Nintendo ikidai kwamba Kong ni mali yake. Wakili wa Nintendo, John Kirby, aliikumbusha mahakama kwamba miaka michache kabla, katika kesi nyingine, Universal yenyewe ilikuwa imesimama kueleza kwamba kisa cha King Kong ni mali ya umma. Jaji Robert Sweet akaamua mwaka 1983 kwamba Nintendo haina kosa.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni hili: Miyamoto hakumfanya sokwe wake kuwa mwovu wa kuzaliwa. Katika kisa alichokiwaza, Donkey Kong alikuwa mnyama wa kufugwa, bwana wake akimtendea vibaya, naye akatoroka. Mchezo wa pili, Donkey Kong Jr. wa mwaka 1982, uliigeuza meza: sokwe yumo ndani ya tundu, Mario ndiye aliyemfunga, na mchezaji anamwongoza mtoto wa sokwe kumkomboa baba yake. Mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa, jitu lilikuwa baba wa mtu.

Mfalme wa mamba

Baada ya mwaka 1983 sokwe alinyamaza kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyempa maisha mapya ni kampuni ya Rare, ya kijiji cha Twycross nchini Uingereza. Wachoraji wake walikwenda kuwatazama gorila katika bustani ya wanyama iliyo jirani, kisha wakatoa Donkey Kong Country mwaka 1994. Sasa sokwe alikuwa na msitu wake, na akiba ya ndizi ya kuilinda. Yule mzee wa mwaka 1981 alibaki humo akiwa na mkongojo na ndevu nyeupe, akiwakaripia vijana kama babu yeyote wa kijijini. Adui alitoka majini: King K. Rool, mfalme wa mamba, mnene, mwenye taji na jicho moja lililotumbuka, ambaye jeshi lake liliiba ndizi zote.

Msikilizaji wa hadithi za Waswahili hawezi kushangaa. Mwaka ule ule wa 1870, Livingstone akiwa amelala Kabambare, Edward Steere alichapisha London kitabu cha ngano alizosimuliwa Zanzibar. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi. Ndani yake kima anaishi juu ya mkuyu na kumrushia papa matunda, mpaka papa anapomchukua mgongoni kumpeleka kwa sultani wao mgonjwa, anayehitaji moyo wa kima. Kima anamwambia kwamba ameuacha moyo mtini, wanarudi kuufuata, naye anaokoka. Papa anapomwita tena, kima anamsimulia habari za punda aliyekubali kudanganywa mara mbili. Kima, mfalme wa majini, na punda ndani ya ngano moja! Walio pwani husema papa, na mtu wa mto Lualaba huona mamba. Uadui wa mkaa mtini na mkaa majini ni mkongwe kuliko umeme.

Super Smash Bros. ilitoka Japani Januari 1999, ikiongozwa na Masahiro Sakurai, ikiwa na wapiganaji 12 tu. Donkey Kong alikuwa miongoni mwao, na hajakosa toleo hata moja tangu hapo. Mfalme wa mamba hakuitwa. Baada ya 2008 akapotea, hata michezo mipya ya Donkey Kong ya mwaka 2010 na 2014 ikaleta maadui wengine. Mwaka 2015 Nintendo ilipowauliza wachezaji wanamtaka nani ulingoni, waliokua na mchezo wa 1994 walilitaja jina lake kwa wingi. Tarehe 8 Agosti 2018 filamu fupi ilionyesha kivuli chenye taji dirishani, usiku, nyumbani kwa Donkey Kong. Kwanza akaonekana mfalme mwingine akifanya mzaha, kisha K. Rool mwenyewe akaja. Desemba mwaka huo aliingia katika Super Smash Bros. Ultimate, mchezo ambao mwishowe ulikusanya wapiganaji zaidi ya 80.

Wachezaji walifurahi kwa sababu walirudishiwa sehemu ya utoto wao. Mimi naona jambo la pili: kwa kurudi kwa mamba, sokwe alipata tena mtu wa kumkosea yeye. Aliyeanza akiwa mnyakuzi sasa ndiye mwenye nyumba iliyovamiwa. Na Julai 2025, katika Donkey Kong Bananza, Pauline, mwenye jina lile lile la msichana aliyenyakuliwa mwaka 1981, ni mtoto aliyepanda mabegani mwa sokwe, wakisafiri pamoja kwa hiari. Safari hiyo kutoka kwa jitu hadi kwa mwenzi ilichukua miaka 44. Neno sokomutu lilikuwa limekwisha kufika.

Deni la msitu

Kuna upande mwingine wa historia hii, nao umo ndani ya mashine zenyewe. Vifaa vya umeme huhitaji tantalamu, inayotoka katika koltani, na koltani imo katika ardhi ya Kivu na Maniema. Mwishoni mwa mwaka 2000, mahitaji ya simu na mashine za michezo yalipopanda, bei yake duniani ilipaa, na maelfu ya wachimbaji waliingia misituni katikati ya vita, hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Walikula walichokipata, na wenye bunduki waliwapata nyani wakubwa.

Gorila wa Grauer, ambaye haishi popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo, alikadiriwa kufikia takriban 17,000 kabla ya vita vya miaka ya 1990. Mwaka 2016 watafiti walikadiria 3,800. Hesabu mpya ya mwaka 2021 ilitoa matumaini kidogo, karibu 6,800. Sokomutu naye yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kampuni zinazopata fedha kwa sura ya sokwe zina wajibu kwa misitu yake, na sisi tunaokaa karibu nayo tuna wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa jina tulilompa linatudai.

Mwanzoni mwa 1871 mfanyabiashara aliyeitwa Katomba alimpa Livingstone soko mdogo wa kike, ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Akikaa, urefu wake haukufika nusu mita. Alikaa kimya mkekani kando ya mzee yule, akajifunika majani kama anayetandika kitanda. Alipotaka kwenda alinyoosha mkono abebwe, na asipobebwa alilia huku akifikicha viganja kama binadamu mwenye msiba. Waliosimama pale Maniema hawakuhitaji kuelezwa alichotaka.