Uduvi
Kamusi humweleza uduvi kuwa kamba mdogo sana, na sokoni wapo wanaomdhani mtoto wa kambamiti. Si mtoto. Uduvi wa jenasi ya Acetes, iliyopewa jina na Henri Milne-Edwards mwaka 1830, hukomaa akiwa na sentimita 2 au 3 tu, na jozi mbili za mwisho za miguu yake ya kutembelea zimetoweka. Undugu upo, tena wa karibu: matamvua yake yana matawi kama ya kambamiti, na wote wawili huachia mayai majini. Kambakochi hubeba yake chini ya mkia. Huyo ni wa ukoo mwingine. Krili wa Antaktika, anayefanana mno na uduvi, yumo katika oda tofauti kabisa. Tafadhali, watafsiri, tusimwite uduvi; krili tumwite krili.