Dereva Yuko Wapi? Maelezo Mafupi ya Historia ya Usafiri Mjini Kampala

Siku hizi habari za magari yanayojiendesha yenyewe zimefika hata katika vyumba vya walimu hapa Kampala. Wengi huuliza kama mashine ya namna hiyo yaweza kuvuka makutano ya Wandegeya saa za jioni bila kugonga mtu. Swali hilo lina haki yake. Lakini historia ya mji wetu yatuelekeza kwenye swali jingine: kila chombo kipya kilipokuja, abiria wa Kampala alikuwa akiamini nini hasa, chombo au mtu? Katika makala haya tutajaribu kulifuata swali hilo, na kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, tutayatazama na majina.

Kabla ya gurudumu kufika Buganda watu walikwenda kwa miguu, na Kabaka alibebwa mabegani na watu wa ukoo wa Mbogo. Kisha likaja riksho, ambalo Winston Churchill alilipanda mwaka 1907 kutoka Entebbe hadi Kampala, likivutwa na kusukumwa na watu. Hapo gurudumu lilikuwapo, lakini nguvu na akili vilikuwa vya binadamu bado.

Neno letu "gari" lilitoka Bara Hindi. Waganda nao wanalo: "eggaali" ni baiskeli, na "eggaali y'omukka" ni garimoshi, yaani gari la moshi kama tusemavyo sisi. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikuingia Kampala ila mwaka 1931. Motokaa ikawa "emmotoka". Majina hayo yote yanataja chombo, wala hayamtaji anayekiendesha. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana baadaye mambo yaligeuka.

Katika utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, uchumi uliharibika, na mabasi ya kampuni ya Uganda Transport Company yakazidi kupungua. Pengo hilo likazibwa na magari madogo ya watu binafsi. Haya ndiyo yaitwayo teksi mjini Kampala, ingawa jirani zetu wa Kenya huyaita matatu. Leo ni meupe, yenye mstari wa vipande vya buluu, na huruhusiwa kuchukua abiria 14. Jina lake la utani ni "kamunye", yaani mwewe, kwa jinsi yanavyorukia abiria. Mtu anayetaka kushuka habonyezi kengele, husema tu "Maaso awo!", yaani hapo mbele, na kondakta au dereva huelewa ni mbele ya duka gani. Mwaka 1986 wenye teksi na madereva waliunda chama chao, UTODA, kikatawala maegesho ya mji kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Mabasi makubwa yaliporudishwa mwaka 2012, watu waliyapanda kwa furaha, ila teksi hazikuondoka.

Lakini chombo kinachotufundisha zaidi ni boda boda. Kilianza miaka ya 1960 huko Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Vijana wenye baiskeli waliweka mto juu ya kibebeo cha nyuma, wakawavusha watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili. Waliita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, na kelele hiyo ikawa jina. Ilipofika miaka ya 1990 pikipiki ilikuwa ikichukua mahali pa baiskeli, nalo jina likahama bila kubadilika. Halafu likahama tena: leo Kampala mtu akisema "niitie boda", anamwita mtu, si mashine. Hatujui mfano mwingine mzuri kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi jinsi maana inavyotembea.

Mtu huyo hatoki mahali pasipojulikana. Ana steji yake, na steji ina mwenyekiti. Mgeni hawezi kuegesha pikipiki hapo kwa kutaka tu. Sharti ajulishwe na atoe kiingilio. Mama anayempeleka mtoto shuleni kwa boda hampi mtoto wake pikipiki. Anampa kijana anayemjua kwa jina, na akichelewa kurudi, anajua pa kwenda kuuliza. Hatusemi kwamba imani hiyo haijawahi kusaliti. Majeruhi wanaopelekwa Mulago ni ushahidi wa kutosha.

Katikati ya miaka ya 2010 simu ya mkononi iliingia kati. SafeBoda walikuja na kofia ngumu za rangi ya machungwa, Uber wakafuata mwaka 2016. Abiria alianza kumpanda mtu asiyemjua kabisa. Wengine walidhani watu watakataa, lakini hawakukataa, kwa sababu simu ilileta jina, picha na namba ya dereva. Kwa maoni yetu mwenyekiti wa steji hakufutwa hapo, alihamishiwa ndani ya simu. Vilevile Chuo Kikuu cha Makerere kilipotoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola lenye kutumia nguvu za jua lilipoonyeshwa mwaka 2016, watu walishangilia. Injini ilikuwa ngeni, lakini kiti cha dereva kilikuwa na mtu.

Huko Marekani kiti hicho sasa ni kitupu. Katika mji wa Phoenix magari ya Waymo yalianza kuchukua umma bila dereva mwaka 2020. Mwaka 2018, katika Tempe iliyo jirani, gari la majaribio la Uber lilikuwa limemgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na watu wakabishana sana ni nani wa kushtakiwa: kampuni, au mtumishi aliyeketi ndani kulisimamia?

Tulipowapa wanafunzi wetu kazi ya kutafuta neno la Kiswahili la gari hilo, wengi waliandika "gari linalojiendesha". Kisarufi hatuna neno la kulipinga. Kijana mmoja, ambaye kaka yake ni boda, aliacha mstari mtupu, akauliza gari hilo litaandikishwa steji gani.