Nembo, Siri na Mzigo wa Ushahidi

Mbio za Mwenge wa Uhuru za mwaka 2016 zilihitimishwa Bariadi, mkoani Simiyu, tarehe 14 Oktoba. Kwa miaka mingi wamekuwapo Watanzania, wengine kwa misingi ya imani, wanaouona moto huo kuwa tambiko lililovikwa joho la serikali. Dai lao linafanana sana na lile linaloelekezwa kwa nembo za safari za anga za Marekani: kwamba umbo jekundu katika nembo ya NASA ni ulimi wa nyoka, na kwamba nyota za Orion katika nembo ya mradi wa Apollo zinamtukuza Osiris, mungu wa Misri ya kale. Madai yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kuuchukua mfanano kuwa ushahidi.

Nembo ya NASA ilibuniwa na James Modarelli mwaka 1959, na asili ya umbo lake jekundu inajulikana: ni bawa la ndege iendayo kasi kuliko sauti, kwa kufuata kielelezo kilichojaribiwa katika handaki la upepo. Anayetafuta nyoka atamwona, kwani mistari miwili inayokutana inatosha. Watetezi wa dai hili, hata hivyo, wana hoja moja nzito. Buzz Aldrin alikuwa Frimasoni, na mwaka 1969 alikwenda mwezini na bendera ya chama chake. Ni kweli, na Frimasoni wenzake hawakuificha. Ila nembo ya Apollo 11, safari hiyo ya Aldrin, ilitokana hasa na mwanaanga mwenzake Michael Collins, na mabadiliko yake yanafahamika. Awali tai aliyemo katika nembo hiyo alishika tawi la mzeituni mdomoni. Wakubwa wa NASA wakaona kucha zake tupu zinatisha, tawi likahamishiwa kuchani. Ubishi wa namna hiyo ni wa ofisini, madhabahu haimo.

Nembo zenye siri kweli zipo. Mwaka 2000 Marekani ilirusha setilaiti ya ujasusi ambayo nembo yake ilikuwa na mishale iliyopita juu ya ramani ya Afrika. Watazamaji wa anga wasio na cheo chochote waliisoma mishale hiyo kuwa mizingo, wakakisia aina ya setilaiti, kisha wakainua macho kuitafuta. Usomaji wao ulikuwa na uzito kwa sababu anga lenyewe lingeweza kuukanusha. Usomaji wa Osiris haujawahi kujiweka katika hatari hiyo.

Tukiupima Mwenge kwa kipimo hicho, nasaba yake iko wazi. Nyerere alizungumzia nuru juu ya Kilimanjaro mbele ya Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, na Alexander Nyirenda akaufikisha mwenge kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961. Itasemwa kwamba mkesha, kiapo na kupokezana moto ni ibada tosha. Naam, ni ibada ya dola, tena ya hadharani, na mtu anaweza kuipinga kwa gharama zake bila kuwasingizia majini. Kuonekana kwa ibada hakuthibitishi kwamba nyuma yake kuna ibada nyingine.

Nembo ya Taifa inatuleta karibu zaidi na Simiyu. Miguuni pa mwanamke aliyechorwa humo pana pamba, zao ambalo mkulima wa Maswa au Itilima hahitaji mganga wa kumfasiria; miguuni pa mwanamume pana karafuu. Lisilofahamika vizuri ni jambo la kawaida mno kuwavutia wawinda siri: nani aliichora? Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Mzee Ngosha, aliyefariki Mei 2017, alidai ni yeye. Wengine wanamtaja Jeremiah Kabati. Mgogoro huu, tofauti na ule wa majini, unaweza kuamuliwa, mradi zitafutwe barua zilizoagiza mchoro, hati za malipo na rasimu zilizokataliwa.