Macho ya simbilisi wachanga: Maambukizi, tiba, na dawa zinazoweza kuua

Simbilisi mchanga anapougua katika siku za mwanzo baada ya kufikishwa kwa mwenyeji mpya, mara nyingi dalili huonekana machoni. Kope hushikana asubuhi, matongo ya njano hujikusanya pembeni mwa jicho, na manyoya ya shavuni hulowa. Wenyeji wengi hukimbilia duka la dawa lililo karibu, na hapo ndipo mnyama huweza kuingia katika hatari kubwa kuliko ile aliyokuwamo kabla ya kutibiwa.

Mnyama huyu, ambaye watoto wengi mijini humwita kwa jina lake la Kiingereza, si nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Huzaliwa akiwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi, na baada ya wiki tatu hivi huweza kuachishwa kunyonya. Ukomavu huo wa mapema huwahadaa wauzaji na wanunuzi. Mtoto wa wiki mbili anayetafuna majani huonekana kana kwamba amekwisha kujitegemea, ilhali kinga ya mwili wake bado ni dhaifu. Akitenganishwa na mama, akasafirishwa katika boksi na kuwekwa mahali penye harufu na kelele ngeni, vijidudu alivyokuwa navyo bila madhara hupata nafasi ya kushamiri.

Kabla ya kuzungumzia ugonjwa, ifahamike kwamba kuna majimaji meupe kama maziwa ambayo simbilisi mwenye afya hutoa machoni mara kadhaa kwa siku. Huyatumia kujisafisha uso: majimaji hutokea ghafla, mnyama huyapangusa kwa miguu ya mbele, na baada ya dakika chache jicho huwa safi na angavu. Hayo si maambukizi na hayahitaji dawa. Kinachopaswa kumtia mwenyeji wasiwasi ni uchafu mzito usiokoma, wekundu na uvimbe wa utando wa ndani wa kope, jicho lililofumbwa nusu, au weupe unaotanda mbele ya mboni.

Miongoni mwa vijidudu vinavyosababisha hali hiyo, kinachowaandama zaidi wachanga ni bakteria aitwaye Chlamydia caviae. Huwashika hasa simbilisi wa umri wa kati ya wiki nne na nane, yaani umri ule ule ambao wengi wao huuzwa au kugawiwa. Bakteria huyu ana undugu na yule anayeleta trakoma, au vikope, kwa binadamu, maradhi ambayo yamewapofusha watu wengi katika maeneo kame ya Kenya kama Turkana na Baringo. Kwa simbilisi madhara yake huwa mepesi zaidi, na wengine hupona wenyewe baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo, mwenyeji hawezi kubaini kwa kutazama tu kama ni huyo au ni mwingine.

Wapo wengine walio hatari kuliko huyo. Bordetella bronchiseptica na bakteria wa jamii ya Streptococcus huanza kwa matongo na mafua, kisha huteremka mapafuni. Simbilisi anayetoa uchafu machoni na puani, anayepumua kwa shida au kupiga chafya mfululizo, huenda ana nichomonia, na kumtibu jicho pekee ni kupoteza muda. Bordetella hukaa kwa sungura bila kuwadhuru sana, na mbwa pia huweza kumbeba. Ile desturi ya kuwaweka sungura na simbilisi katika kibanda kimoja, inayoonekana katika boma nyingi, haifai hata kidogo.

Si kila jicho jekundu lina maambukizi. Bua la nyasi kavu huweza kuchoma konea, ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni, na kuacha kidonda. Kibanda kisichosafishwa hujaa hewa ya amonia itokayo kwenye mkojo, nayo huwasha macho na njia za pumzi. Unga wa mbao, pamoja na maranda ya msonobari na mwerezi yenye mafuta makali, hufanya vivyo hivyo. Baadhi ya watoto huzaliwa kope zikiwa zimepinda kwa ndani, nywele zikasugua jicho bila kukoma. Jicho linalotokeza nje nalo hudokeza jipu lililo nyuma yake, ambalo aghalabu chanzo chake ni mizizi ya meno.

Kisha kuna suala la vitamini C. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini mwake. Ugunduzi huo ulitokana na utafiti wa wanasayansi wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, ambao mwaka 1907 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba simbilisi waliolishwa nafaka pekee walipatwa na ugonjwa wa kiseyeye. Mnyama mwenye upungufu huo huwa na matongo, manyoya yaliyokauka na viungo vinavyouma, na maambukizi yoyote humwelemea. Mahitaji yake ni takriban miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mchanga au mgonjwa hupewa kiasi kilicho karibu na kile cha juu. Pilipili hoho ndicho chakula bora kwa shughuli hii. Sukuma wiki pia ina vitamini hiyo kwa wingi, ila itolewe kwa kadiri kwa sababu ya chokaa iliyomo, inayoweza kuchangia mawe katika kibofu. Chakula cha sungura kinachouzwa madukani hakitoshi, kwa kuwa sungura hujitengenezea vitamini hiyo mwenyewe na watengenezaji hawana sababu ya kuiongeza. Kuichanganya katika maji ya kunywa si njia ya kutegemewa, kwani huharibika upesi ikipigwa na mwanga.

Tiba huanza kwa usafi. Maji ya chumvi yaliyotakaswa, yanayouzwa katika maduka ya dawa, ndiyo yanayofaa. Yakikosekana, maji yaliyochemshwa yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, takriban kijiko kimoja na nusu cha chai, hutosha yakiwa mapya na yamepoa hadi kuwa vuguvugu. Mnyama huviringishwa kwa taulo, kichwa kikabaki nje. Pamba iliyoloweshwa huwekwa juu ya kope kwa dakika moja au mbili hadi magamba yalainike, kisha hupanguswa kutoka pembe ya ndani kuelekea nje. Kila jicho litumiwe pamba yake, na kope zilizoshikana zisivutwe kwa nguvu. Maji ya majani ya chai, asali na maziwa, ambayo husifiwa na majirani, hayana nafasi hapa, kwani huweza kuwalisha bakteria wale wale wanaokusudiwa kuondolewa.

Baada ya usafi ni daktari wa mifugo, na heri siku hiyo hiyo. Jambo la kwanza atakalofanya ni kutia jichoni rangi maalumu ambayo hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu panapokuwa na kidonda kwenye konea. Kipimo hicho cha dakika chache ndicho kinachoamua dawa. Pasipo kidonda, dawa nyingi za macho za binadamu hutumika kwa simbilisi pia: matone ya kloramfenikoli au siprofloksasini, au marhamu ya tetrasaiklini, ile ile wanayopakwa watoto wachanga hospitalini mara wanapozaliwa. Kilichozidi kipanguswe ili mnyama asikilambe.

Lakini yapo matone yanayofanana na hayo kwa chupa na kwa jina, ambayo yamechanganywa na deksamethasoni au dawa nyingine ya jamii ya steroidi. Hayo hupunguza wekundu upesi, na mwenyeji hufurahi. Kama kuna kidonda, chini ya furaha hiyo konea huendelea kuliwa hadi itoboke, na jicho likapotea. Matone ya namna hiyo yasitumiwe kabla ya kipimo cha rangi kufanywa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika dawa za kumeza. Amoksilini, ambayo karibu kila nyumba ina mabaki yake kabatini, humuua simbilisi. Haina sumu yenyewe. Inachofanya ni kuwaangamiza bakteria wema wa tumboni ambao mnyama huyu huwategemea kusaga nyasi. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao sumu yao huleta kuhara na kifo katika siku chache. Penisilini, ampisilini, klindamaisini na erithromaisini zimo katika kundi hilo hilo. Mwenyeji asiyejua hudhani kwamba ugonjwa wa macho ndio uliomuua mnyama wake. Pale dawa ya kumeza inapohitajika, daktari huchagua kama vile enrofloksasini, mseto wa trimethoprimu na salfa, au doksisaiklini iwapo Chlamydia anashukiwa, na hupima kipimo kwa gramu za uzito wa mnyama. Kuvunja tembe ya mtu mzima kwa kukisia hakufai.

Madaktari waliozoea wanyama hawa wadogo si wengi nchini. Jijini Nairobi, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete ni mahali pa kuulizia. Kwingineko, daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini anaweza kusaidia, almradi aelezwe waziwazi kwamba mgonjwa ni simbilisi wala si sungura.

Matone hutiwa mara kadhaa kwa siku, kwa muda wote ulioagizwa, hata jicho likionekana limepona siku ya tatu. Matone na marhamu yakitumiwa pamoja, matone hutangulia na marhamu hufuata baada ya dakika tano. Chupa iliyofunguliwa hutupwa baada ya siku 28. Wakati huo wote, cha kuangaliwa zaidi ni ulaji. Simbilisi akikaa bila kula kwa saa 12 hadi 24, utumbo wake husimama, na kifo hufuata haraka. Ndiyo maana mizani ya jikoni ni chombo muhimu: apimwe kila asubuhi, na uzito ukishuka kwa siku mbili mfululizo arejeshwe kwa daktari. Asiyetafuna hulishwa chakula kilichosagwa na kulainishwa kwa maji, kidogo kidogo, kwa bomba lililotolewa sindano.

Mgeni atengwe na wenzake kwa wiki mbili hadi tatu, hata akionekana mzima, na ahudumiwe baada ya wenyeji kuhudumiwa. Matandiko yenye mkojo yaondolewe kila siku. Nyasi kavu za Rhodes, zile wanazolishwa ng'ombe wa maziwa, zinafaa zikiwa laini, zisizo na vumbi wala kuvu.

Watu nao hawana kinga kamili. Mwaka 2017, madaktari nchini Uholanzi waliripoti wagonjwa watatu wa nichomonia kali iliyosababishwa na Chlamydia caviae, ambao walikuwa wamekaribiana na simbilisi wagonjwa. Visa vya aina hiyo ni adimu, lakini vinatosha kumfanya anayemsafisha mgonjwa anawe mikono kwa sabuni, na kuwazuia watoto wasimbusu mnyama mwenye matongo. Mtu wa nyumba hiyo akipatwa na macho mekundu, homa au kikohozi kisichoisha, amweleze daktari wake kwamba nyumbani kuna simbilisi anayeugua.