Kikomo cha Seli: Historia ya Uhamishaji wa Matini Ndefu kutoka Hifadhidata hadi Lahajedwali, 1928–2020

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekusanya masimulizi, awe mwanahistoria, mwanaisimu au mtaalamu wa afya ya jamii, aghalabu huyahifadhi katika hifadhidata na kuyachambua katika lahajedwali. Kati ya hatua hizo mbili kuna tendo linaloonekana dogo, nalo ni kuhamisha data. Katika tendo hilo sehemu ya ushahidi huweza kupotea. Simulizi la maneno elfu moja huingia upande mmoja likiwa kamili, likatokea upande wa pili likiwa na maneno arobaini tu, tena bila onyo lolote. Insha hii inachunguza asili ya hali hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba vikomo vinavyokata matini ni mabaki ya maamuzi yaliyofanywa kwa sababu za msingi katika vipindi mbalimbali, na kwamba madhara yake hudhihirika pale mifumo miwili yenye historia tofauti inapokutanishwa.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa. Uga ni nafasi iliyotengwa katika hifadhidata kwa aina moja ya taarifa, kwa mfano jina au anwani. Seli ni chumba kimoja cha lahajedwali, mahali ambapo safu mlalo na safu wima hukutana. Kibambo ni alama yoyote ya maandishi: herufi, tarakimu, kituo au nafasi tupu.

2.0 Urithi wa Kadi za Matundu

Wazo la uga wenye urefu maalumu ni kongwe kuliko kompyuta. Herman Hollerith alitumia kadi za matundu katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na mwaka 1928 kampuni ya IBM ilileta kadi yenye safu 80. Kila safu ilibeba kibambo kimoja. Mpangaji wa kadi alilazimika kugawa safu hizo 80 mapema: kadhaa kwa jina, kadhaa kwa tarehe, kadhaa kwa kiasi cha fedha. Jina lililozidi nafasi yake lilifupishwa na karani kabla ya kutobolewa. Kukata matini kulikuwa kazi ya binadamu, na aliyekata alijua kwamba amekata.

Lugha ya COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara na serikali, iliurithi utaratibu huo. Mwandishi wa programu alitangaza idadi ya vibambo vya kila uga, na matini iliyozidi ilikatwa upande wa kulia. Tofauti ni kwamba sasa mkataji alikuwa mashine, na mashine haikuwa na desturi ya kutoa taarifa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa IBM alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano. Nadharia yake haikudai kwamba maandishi yawe mafupi; hata hivyo, bei ya kumbukumbu na diski iliwafanya watengenezaji waendelee kutenga nafasi kwa kipimo.

3.0 Mikondo Miwili: Hifadhidata na Lahajedwali

Lahajedwali lilizaliwa kwa haja nyingine kabisa. VisiCalc, programu ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ilikusudiwa kupiga hesabu. Maandishi ndani yake yalikuwa lebo tu: "Mapato", "Matumizi", "Jumla". Lotus 1-2-3, iliyofuata mwaka 1983, iliruhusu lebo ya vibambo visivyozidi 240. Kwa mhasibu kiasi hicho kilitosha na kubaki.

Wakati huohuo hifadhidata za kompyuta ndogo zilianza kukabiliana na maandishi marefu. Katika dBASE uga wa kawaida wa maandishi uliishia vibambo 254. dBASE III ya mwaka 1984 ilileta uga wa aina mpya ulioitwa "memo", ambao haukuhifadhi matini ndani ya jedwali lenyewe. Jedwali lilibeba namba ya kuelekeza tu, na matini ilikaa katika faili la pembeni, katika vipande vya baiti 512. Ufumbuzi huo ulikuwa wa busara, lakini uliweka mtego. Aliyenakili faili la jedwali na kusahau faili la pembeni alibaki na orodha ya namba zisizoelekeza popote.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, basi, mikondo miwili ilikuwa imejitenga. Upande wa hifadhidata ulikuwa umekubali kwamba maandishi yanaweza kuwa marefu, ilhali upande wa lahajedwali uliendelea kuyatazama maandishi kama vichwa vya hesabu.

4.0 Namba 255 na Jamaa Zake

Chanzo cha namba zinazojirudia katika historia hii ni baiti. Baiti moja ina biti nane, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti nane ni 255. Mfumo unaotumia baiti moja kurekodi urefu wa matini hauwezi kurekodi urefu unaozidi hapo. Ndiyo sababu uga wa kawaida wa maandishi katika Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, uliishia vibambo 255, na seli ya Excel ikawa na kikomo hichohicho hadi toleo la mwaka 1995. Kwa Kiswahili, vibambo 255 ni takriban maneno arobaini, yaani aya fupi.

Excel 97 ilipanua seli hadi vibambo 32,767, ingawa ni vibambo 1,024 tu vilivyoonekana ndani ya seli yenyewe. Vingine vilisomwa katika upau wa fomula. Ingetarajiwa kwamba tatizo lingeishia hapo. Halikuisha, kwa sababu njia za kuhamishia data ziliendelea kubeba kumbukumbu ya vikomo vya zamani. Mtumiaji wa Access aliyehamisha data kwa muundo wa faili wa Excel 95 alipata matini zilizokatwa kwenye kibambo cha 255, hata kama kompyuta yake ilikuwa na toleo jipya. Ulizio lililopanga data kwa makundi, au lililoondoa rekodi zinazojirudia, nalo liliikata "memo" kwenye kibambo hichohicho, kwa kuwa kulinganisha matini ndefu kungekuwa kazi nzito kwa mashine.

Safari ya kurudi ilikuwa na hatari yake. Kwa kawaida programu iliyosoma lahajedwali kuliingiza katika hifadhidata ilikagua safu mlalo nane za mwanzo ili kukisia aina ya kila uga. Ikiwa majibu manane ya kwanza yalikuwa mafupi, uga wote ulihesabiwa kuwa wa maandishi mafupi, na simulizi refu katika safu ya tisa likakatwa. Matokeo yalitegemea mpangilio wa rekodi, jambo lisilo na uhusiano wowote na maana yake.

Mwaka 2007 Excel iliongeza idadi ya safu mlalo kutoka 65,536 hadi 1,048,576. Kikomo cha seli, hata hivyo, kilibaki 32,767, kiasi kinachokaribia maneno elfu tano ya Kiswahili. Mahojiano ya saa nzima yaliyonukuliwa neno kwa neno huweza kuzidi kiasi hicho.

5.0 Koma, Mstari Mpya na Hati ya Kiarabu

Wengi walikimbilia faili la matini tupu ambalo thamani zake hutenganishwa kwa koma, maarufu kama CSV. Muundo huo hauna kikomo cha urefu, lakini una udhaifu mwingine: matini ndefu hubeba koma, alama za kunukuu na aya mpya. Msomaji asiye makini huichukulia koma ya msimulizi kuwa mpaka wa uga, na aya yake mpya kuwa rekodi mpya. Waraka wa RFC 4180 wa Oktoba 2005 uliandika kanuni zilizokuwa zimezoeleka: uga wenye alama hizo ufungwe kwa alama za kunukuu, na alama ya kunukuu iliyomo ndani yake iandikwe mara mbili. Hata hivyo, programu nyingi ziliundwa kabla ya waraka huo.

Suala la hati linaugusa Kiswahili moja kwa moja. Katika usimbaji wa UTF-8, herufi za Kilatini zinazotumiwa kuandika Kiswahili leo huchukua baiti moja kila moja, ilhali herufi za Kiarabu huchukua baiti mbili. Mfumo unaopima uga kwa baiti huipa matini ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu takriban nusu ya herufi zinazoingia kwa hati ya Kilatini. Mtafiti wa nyaraka za pwani anayehifadhi maandishi ya asili pamoja na unukuzi wake huweza kukuta unukuzi umesalimika na maandishi ya asili yamekatwa.

6.0 Ukimya na Gharama Yake

Mfano unaojulikana zaidi wa madhara ya vikomo hivi ulitokea Uingereza mwaka 2020. Matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 kutoka maabara yalifika kwa Public Health England yakiwa faili za CSV, kisha yakaingizwa katika muundo wa zamani wa Excel wenye safu mlalo 65,536. Rekodi zilizozidi hazikuingia. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuonekana katika takwimu za kila siku, na ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ukachelewa. Hapo kilichokatwa kilikuwa safu mlalo, wala si maneno, lakini utaratibu ni uleule: mfumo wenye nafasi kubwa ulimimina data katika mfumo wenye nafasi ndogo, na ziada ikamwagika kimya.

Katika tukio hilo wagonjwa walikuwa wakihesabiwa kila siku. Masimulizi hayana hesabu ya namna hiyo. Sentensi iliyokatwa katikati huweza kudhaniwa kuwa ni usemi wa msimulizi aliyechoka, na mchambuzi akaendelea na kazi. Aidha, upotevu huo hauwagusi watu wote sawasawa. Anayejibu kwa maneno machache hubaki mzima. Anayepotezwa ni yule aliyeeleza kwa kina. Kwa kuwa wasimulizi wengi hufikia kiini cha jambo baada ya utangulizi mrefu, kinachokatwa mara nyingi ndicho walichokusudia kusema.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kukatwa kwa matini ndefu kuna historia inayoanzia kwenye kadi ya safu 80, kupitia baiti moja ya urefu, hadi miundo ya faili iliyodumu baada ya sababu zake kwisha. Kila kikomo kilikuwa na mantiki mahali kilipozaliwa. Kasoro iko katika uhamishaji usiotoa taarifa. Si mifumo yote iliyobaki hivyo: MySQL 5.7 ya mwaka 2015 ilianza, kwa mpangilio wake wa kawaida, kuikataa matini iliyozidi uga badala ya kuikata.

Kwa mtafiti, historia hii ina matokeo ya kimbinu. Urefu wa kila matini uhesabiwe kabla na baada ya kuhamishwa, na namba hizo mbili zilinganishwe. Palipo na matini nyingi zenye urefu wa 255 au 32,767 kamili, pashukiwe. Nakala ya asili ihifadhiwe pamoja na namba ya utambulisho wa kila rekodi, na lahajedwali lichukuliwe kuwa chombo cha uchambuzi, lisifanywe ghala la ushahidi. Wanahistoria wamezoea kuuliza nani aliandika waraka na kwa nini. Kwa nyaraka za zama hizi inawapasa kuuliza pia umepitia programu zipi kabla ya kuwafikia.