Vipele baada ya kuoga: tusilaumu maji ya bara

Wapwani wenzangu walioko Kisii na Nyamira kwa kazi na biashara, nawasikia mkilalamika ngozi inawasha, na lawama zote mnayatupia maji na baridi ya huko. Baridi inachangia, sikatai. Nyanda zile ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mtu huoga maji moto na sabuni nyingi, ngozi ikakauka na kupitisha vitu vya mzio kwa urahisi. Lakini huenda mzio wenyewe umo ndani ya chupa.

Sabuni ikikuchoma papo hapo, huo ni ukali wake tu. Mzio huchelewa: vipele hutoka saa 24 hadi 72 baadaye, hata kwa losheni uliyoitumia miaka mingi bila shida. Ndiyo maana tunaishia kulaumu samaki.

Washukiwa wakubwa ni hawa:

Manukato. Kibandiko husema "Parfum" au "Fragrance", na neno hilo moja hubeba viungo vingi. Za "asilia" nazo zimo: mafuta ya mchaichai yakipigwa na hewa muda mrefu huzidi kuleta mzio.

Dawa ya kuzuia kuoza. Tafuta neno methylisothiazolinone. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini bila kuoshwa.

Rangi ya PPD. Imo katika rangi za nywele na katika piko letu la harusi. Hina ya majani haitoi weusi. Piko likishakubabua, rangi ya nywele nayo yaweza kukudhuru maisha yako yote.

La kufanya? Acha vipodozi vyote, baki na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Ngozi ikipoa, rudisha kimoja kimoja. Losheni ipake kwanza kwenye kunjo la kiwiko, mara 2 kwa siku, siku 7. Sabuni na rangi usizijaribu hivyo.

Nawasihi pia msikimbilie krimu za steroidi za dukani bila ushauri. Hutuliza juu huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja: Kisii kuna ya rufaa na mafunzo, Nyamira kuna ya kaunti. Na chupa yenyewe ibebe, daktari aisome.